Elisi Niliyoiuza Bibi Akiwa Matangani

Mwezi uliopita, hapa Gitega, nilipiga kelele sokoni mpaka watu wakadhani nimeibiwa. Nilikuwa nimekwenda upande wa mafundi wanaoyeyusha aluminiamu kutengeneza sufuria, nikitafuta mfuniko wa sufuria yangu kubwa ya pilau. Nikiwa nimesimama pale, fundi mmoja akanyanyua kwa koleo kitu chenye mabawa matatu, kipana kama sahani, akakielekeza kwenye moto.

"Acha! Acha hiyo!"

Aligeuka, koleo likamcheza mkononi. "Mama, kuna nini? Hii iko feni tu. Feni ya zamani."

Nikamwambia si feni. Nilichukua ncha ya kitenge changu, nikafuta masizi, nikatafuta namba pale ninapojua huwa zinaandikwa. Zilikuwepo. Tisa na robo, halafu kumi. Nikamweleza kwamba hiyo ni elisi, ile inayofungwa chini ya moteri ya mtumbwi, inazunguka majini na kuusukuma.

"Mtumbwi? Gitega?" Alicheka, akatazama milima iliyotuzunguka pande zote. "Na we mama umejulia wapi mambo ya mtumbwi?"

Aliiweka pembeni taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba jiwe alilolikalia ni kaburi.  Nilijifunga kitenge upya, nikaondoka bila mfuniko. Fundi yule sikumjibu, lakini wewe nitakueleza, maana tumekaa vizuri na hakuna anayetuharakisha.

Nimekulia Muyinga mjini, katika duka la bibi yangu, mama mzaa baba. Ukiambiwa kwamba lilikuwa duka la vipuri vya mitumbwi utacheka kama yule fundi, kwa sababu Muyinga nayo ni milima, kahawa na migomba. Lakini malori yalipita kwetu yakitoka Tanzania, na jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka India, aliagiza bidhaa za kila aina: kamba, nyavu, moteri, vipuri. Wavuvi wa ziwa Rweru, kule kaskazini, waliona karibu kuja kwetu kuliko kushuka mpaka Bujumbura. Jirani alileta masanduku, bibi alichagua na kuuza. Hivyo ndivyo duka lilivyoishi.

Nikifumba macho nanusa grisi, mafuta ya taa na kamba mpya. Nasikia malori yakibadilisha gia kwenye kile kilima kabla ya msikiti. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupanga boliti katika makopo ya maziwa na kupangusa elisi kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, moja moja, mpaka nione uso wangu. Zilining'inia ukutani kwa mpangilio wa namba zao, na bibi alikaa chini yake kwenye mkeka, birika la chai ya tangawizi pembeni, akisubiri wateja. Jioni tulikula maharage na ndizi, au ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Samaki hawakuingia jikoni kwetu kabisa. Wavuvi walipomletea zawadi ya perege au ya kambale aliyekaushwa, bibi alishukuru, na wakishaondoka alimpelekea jirani. Alisema harufu ya samaki inamuumiza kichwa.

Mji mzima ulimtania. "Bibi anauza vitu vya maji, na maji ameyaona kwenye ndoo tu." Naye alicheka pamoja nao. Mimi pia niliamini hivyo. Kuna mwalimu wetu, aliyekulia Tanzania na kurudi, ambaye alitufundisha kwamba Kiswahili sanifu cha elisi ni rafadha. Nikampelekea bibi neno hilo kwa furaha. Akasema, "Rafadha, elisi, sawasawa. Ikikosewa, inazimika kwa majina yote mawili."

Lakini ungemwona akihudumia! Hakuuza elisi kama mtu anavyouza sabuni. Alimkalisha mteja, akammiminia chai, kisha akauliza. Swali la kwanza: moteri yako ina nguvu ya farasi wangapi, na meno ya ndani ya elisi ya zamani ni mangapi? La pili: mtumbwi wako ni wa mbao nzito au nyepesi, na urefu wake hatua ngapi za mtu mzima? La tatu: ukifungulia moto wote, moteri inalia au inakoroma? La nne: siku unayojaza kuliko siku zote, unabeba nini?

Alinifundisha kwa nini aliuliza. Kila elisi imeandikwa namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ni hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skurubu inavyoingia ndani ya ubao. Elisi ya hatua ndefu, kumi na moja au kumi na mbili, inafaa mtumbwi mwepesi wa kukimbia. Ya hatua fupi, tisa, inafaa mtumbwi wa mzigo. Ukifunga fupi kwenye mtumbwi mwepesi, moteri inalia kwa sauti nyembamba, inazunguka bila faida. Ukifunga ndefu kwenye mtumbwi mzito, inakoroma, inachemka, na mwishowe inakufa. "Mwenye gunia kichwani," bibi alisema, "hapandi mlima kwa hatua ndefu." Maneno hayo mtoto wa Muyinga hakuhitaji kufafanuliwa. Tulipanda milima na ndoo za maji kila siku.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona najua.

Siku moja bibi aliitwa matangani, mtaa wa pili, asubuhi. Aliniachia duka kama alivyowahi kuniachia, na agizo lilelile: uza kamba, uza ndoano, uza boliti, elisi usiguse. Haukupita muda akaingia mvuvi mmoja niliyemfahamu, mwembamba, mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka. Hakukaa.

"Bibi yako iko wapi?"

"Yuko matangani."

"Bon, basi. Mi siwezi kungoja. Gari linarudi sasa hivi. Elisi yangu imevunjika bawa, iligonga jiwe. Nipe nyingine."

Nilitakiwa kumwambia angoje. Badala yake nilinyoosha shingo, nikakunja mikono kama bibi, nikamuuliza farasi wangapi. Kumi na tano. Nikahesabu meno ya ndani ya ile iliyovunjika. Nikamuuliza mtumbwi. Wa mbao nyepesi, akasema. Nikamuuliza kama moteri ilikuwa inalia au inakoroma.

"Inalia. Inalia kama mbuzi! Tuko wawili tu na kaka yangu, na nyavu. Mi nataka ile yenye kukimbia."

Nje, dereva akapiga honi. Na hapo, rafiki yangu, nikaishia kwenye swali la tatu. Sijui kama nilisahau au kama honi ilinitisha. Nilipanda kwenye stuli, nikashusha kumi na mbili iliyong'aa kuliko zote, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akanisifu. "We mtoto uko fundi kabisa." Nilicheka peke yangu mpaka mchana.

Bibi aliporudi nilimkimbilia mlangoni kumpa habari. Nilitegemea akasirike kidogo kisha ajivune. Alikuwa anavua viatu. Alisikiliza, kiatu kimoja mkononi, na niliposema "kumi na mbili" akaacha kusogea.

"Ulimuuliza siku ya kujaza anabeba nini?"

Nilikitazama kile kiatu.

"Mtoto wangu. Ulimuuliza?"

"Alisema wako wawili tu na nyavu, bibi."

"Kesho kule ziwani ni soko." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Siku ya soko wote wanavusha watu. Watu na magunia."

Nilikuwa sijawahi kumwona bibi akiogopa. Nilimjua akiwa na homa, akiwa na hasira, akiwa na huzuni ya msiba. Huu ulikuwa uso wa mtu mwingine. Alitoka na kiatu kimoja, akavuka barabara mpaka kwa jirani. Jirani yetu hakuwahi kufunga duka hata siku aliyoozesha binti yake. Nilimsikia bibi akimwambia maneno machache tu, "Kumi na mbili, na kesho ni soko," na yule mzee, bila kuuliza lolote, akaanza kuteremsha mbao za madirisha. Gari lake lilikuwa kwa makanika likifungwa matairi. Likatoka wakati barabara imeshafungwa, maana miaka ile, kwa ajili ya usalama, magari hayakuruhusiwa kusafiri jioni. Tukaondoka kulipopambazuka. Bibi alifunga elisi ya tisa ndani ya kitenge, akaipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Kwa mkono mwingine alishika koleo. Hakunigombeza. Ningependa zaidi anichape.

Ziwa nililisikia kabla sijaliona. Gari lilipozimwa juu ya kijilima, kulikuwa na kelele za watu wa soko, mbuzi, wanawake wakipanga ndizi, na chini ya kelele hizo, kutoka nyuma ya mafunjo, mkoromo. Mzito, wa chini, kama mtu mgonjwa anayevuta pumzi. Nilikuwa nimewasikia wavuvi wakiuigiza dukani mara mia. Sasa niliusikia wenyewe.

Bibi alikimbia. Bibi yangu, aliyepanda ngazi mbili za msikiti kwa kushika ukuta, alikimbia kuteremka kile kijilima hadi ukingoni, nami nyuma yake.

Mtumbwi ulikuwa katikati ya maji, unakuja upande wetu. Ulikuwa umedidimia mpaka karibu na mdomo. Niliona vichwa vya wanawake, magunia, kofia ya manyoya nyuma kabisa. Upepo ulikuwa umeanza, na mawimbi madogo meupe yalikuwa yanapiga ubavu wake. Moshi ulitoka kwenye moteri. Kisha mkoromo ukakatika.

Sijui kama umewahi kusikia ukimya wa namna ile. Soko zima liligeuka. Mtumbwi ukageuka ubavu kwa upepo, taratibu, na mawimbi yakaanza kuingia. Mwanamke mmoja mle ndani alisimama, wengine wakamvuta chini wakipiga mayowe. "Yampayinka! Mungu wangu!" alilia mama aliyekuwa karibu yangu, akaachia kapu lake la nyanya likabingirika mpaka majini. Mimi sikulia. Nilikuwa nawahesabu. Niliwahesabu mara tatu, na mara zote walikuwa kumi na watatu.

Wanaume wakaingia kwenye mitumbwi ya kasia, minne, mitano, wakapiga kasia kama wazimu. Mle ndani mwenye kofia alikuwa anatupa magunia majini, moja baada ya jingine, maharage ya watu, mtama wa watu, na wanawake wanateka maji kwa sufuria na viganja. Bibi alisimama maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, elisi kifuani, midomo yake ikisoma dua bila sauti.

Ndipo mama mzee aliyekuwa anauza samaki wa kukaushwa akamsogelea. Akamtazama usoni kwa muda. Akasema, "Umerudi."

Bibi hakugeuka.

"Wewe ni mjukuu wa fundi?" yule mama mzee akaniuliza mimi. Sikuelewa. Nikasema babu yangu alikuwa fundi wa moteri, ndiyo, lakini alifariki zamani, safarini.

"Safarini?" Akatikisa kichwa. "Alibaki humu, mwanangu. Palepale. Alimfungia mtu elisi mpya ya kukimbia, akapanda naye asikilize inavyolia. Wakati wa kurudi wakapakia watu wa soko. Ikakoroma, ikazimika. Walirudi tisa. Fundi hakurudi. Na huyu bibi yako alikuwa amesimama hapahapa na sanduku la vifaa."

 Nilimtazama bibi, mwanamke asiyejua ziwa, aliyetaniwa na mji mzima akacheka. Nilitaka aseme kwamba mama yule amemfananisha na mtu mwingine. Hakusema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na macho yake hayakuuacha ule mtumbwi.

Waliwafikia. Namshukuru Mungu, waliwafikia wote. Wanawake walihamishwa mmoja mmoja, wakaletwa nchi kavu wakitetemeka, nguo zimewaganda. Mtumbwi wenyewe ukavutwa kwa kamba, umejaa maji nusu. Mwenye kofia alipokanyaga ardhi na kumwona bibi, aliivua ile kofia. Kabla hajatamka, bibi akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Elisi hii imetoka dukani kwangu. Kosa ni la duka langu."

"Hapana, bibi," yule mvuvi akasema, meno yakigongana. "Mi nilijua leo nitajaza. Mtoto hana kosa. Mi nilitaka mbio."

"Mtoto hakukuuliza. Kuuliza ni kazi ya duka."

Kisha akafanya jambo ambalo wanaume wote wa ukingo ule walilitazama bila kusogea. Alikunja kitenge, akaingia majini mpaka magotini, akainamia nyuma ya mtumbwi. Akanyoosha pini kwa koleo na kuichomoa, akafungua nati, akavuta ile kumi na mbili yangu inayong'aa, akanipa niishike. Ilikuwa bado inachuruzika maji. Akavisha ya tisa, akakaza, akarudisha pini na kuikunja ncha. Alipomaliza aliizungusha kwa mkono, mara mbili, akaitazama inavyosimama. Hakuna aliyemtania.

Tulipokuwa tunarudi, jirani akiendesha, nilijikaza nikauliza.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

 Tulipita mashamba ya mpunga, tukapita watu wanaotoka sokoni, ndipo akasema, "Ningekuambia nini? Kwamba babu yako alisahau kuuliza?"

Nilingoja adhabu wiki nzima. Nilikuwa na uhakika kwamba sitaruhusiwa tena kukanyaga dukani. Siku ya nane akaja mteja, bibi akamkalisha, akammiminia chai, kisha akanigeukia mimi. "Muulize."  Niliuliza maswali yote manne, na lile la nne nililiuliza mara mbili. Kuanzia hapo ikawa kazi yangu, yeye akisikiliza. Na yule mvuvi aliendelea kuja. Alikuwa anaingia anapiga hodi na kuanza kujibu kabla sijafungua mdomo: "Watu kumi, magunia sita, mbuzi wawili, na mama mkwe wangu ambaye iko mzito." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kucheka hivyo juu ya jambo lile. Hilo nalo lilinishangaza.

Sasa bibi hayupo. Jirani naye hayupo, na wanawe wako nchi za mbali. Mwaka jana nilipita Muyinga kwa shughuli ya harusi, nikaenda kutazama. Pale dukani wanauza vifuniko vya simu na kunyoa nywele. Msikiti umeongezwa, kile kilima kimelainishwa, malori yanapanda bila kulia. Nikaambiwa kwamba wavuvi siku hizi wanaagiza elisi kwa simu: unatuma picha ya ile ya zamani, unaletewa kwenye basi inayofanana nayo, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Ni rahisi, na inafika haraka. Niliuliza kama muuzaji huwa anauliza chochote. Kijana aliyekuwa ananyolewa akanishangaa. "Aulize nini, mama? Si picha ameiona?"

Jioni ile niliyotoka sokoni bila mfuniko, binti yangu alinikuta jikoni nimekaa tu, mchele haujachambuliwa. Nikamweleza yote haya, kwa mara ya kwanza. Ana miaka kumi na sita, mambo mengi ya kwangu anayaona marefu, lakini haya aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Na wale kumi na watatu," akauliza, "walipona wote?"

"Wote."

"Basi mama, mbona unatetemeka?"

"Walipona, lakini swali la nne mimi sikuuliza," nikasema, nikavuta sinia la mchele nikaliweka mapajani, nikaanza kutoa mawe. Aliketi kando yangu, akanisaidia.